Mwalimu na Kamba za Makosa

Siku ya Ijumaa watu wa ofisi yetu walimkwepa Mwalimu. Siku nyingine alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kuimba nyimbo za Kinshasa huku akifuta vumbi la meza, lakini Ijumaa, baada ya sala ya asubuhi, alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kuvuta kamba.

Hilo la kamba lataka maelezo. Ofisi yetu ya Butembo ilikuwa ya kanisa. Iligawa dawa kwa vituo vya afya kuanzia Musienene mpaka Oicha na Mutwanga, na ghala lake kubwa lilikuwa Beni. Mwalimu ndiye aliyetutengenezea programu ya kuhesabu dawa hizo. Ndiye pia aliyeandika mwongozo wake, unaosomwa ndani ya kompyuta ileile. Programu ina makosa, kama nyumba ilivyo na panya. Mtu akiona kosa, Mwalimu aliliandikia ripoti: nani kaliona, alikuwa anafanya nini, kitu gani kikatokea. Halafu alirudi kwenye mwongozo, akatafuta mstari ambapo msomaji angejikwaa katika kosa lile, akatia alama pale. Ukibonyeza alama, ripoti inafunguka. Yeye aliiita *lien*, kwa Kifaransa chake. Sisi tuliiita kamba, na jina letu ndilo lililoshinda.

Kamba hukatika. Mtu anahamisha ripoti toka mahali pake, au anaibadilisha jina, au disketi inatoka Beni na mafaili yaliyopangwa vingine, na siku utakapobonyeza alama hutapata kitu. Kwa hiyo kila Ijumaa alizibonyeza zote. Alipokuta iliyokatika alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Nani alitosha hii fasi yake?"

Alitaka kujua nani ameiondoa mahali pake. Kila mmoja wetu aliinamia karatasi zake.

"Sikasirike," alisema, na alikuwa amekasirika. "Mais kamba yenye kukatika iko mubaya kupita kukosa kamba. Inakuahidi kintu, kisha inakudanganya."

Siku moja nilimuuliza kwa nini haondoi kamba za makosa aliyokwisha kuyatengeneza. Kulikuwa na moja ya tangu Pasaka, na kosa lake halikuwepo tena.

"Haiko tena kwako, dada. Kule Oicha bangali banatumia programu ya zamani. Weye unafikiri vita inaacha disketi ipite kila juma?"

Alikuwa mrefu, mwembamba, na viatu vyake viling'aa hata wakati wa mvua, wakati udongo mwekundu wa Butembo unapanda mpaka magotini mwa kila mtu. Serikali ndiyo iliyomtuma kwetu kutoka Kasai kufundisha hesabu. Kisha nchi ikakatwa vipande. Mshahara wake ukabaki upande mmoja wa vita, na yeye akabaki upande mwingine. Kwetu aliitwa mtu wa kuja, hata baada ya miaka. Kanisa likampa chumba nyuma ya ghala la viti, lakini ukimuuliza analala wapi alisema, "Upande wa juu pale," akiashiria mtaa wa matajiri. Wakati wa chakula alisema ameshakula. Tulijua hajala. Mama mpishi alijifunza kumwachia sahani na kuondoka, maana mbele ya mtu asingeigusa.

Hapo ndipo sikumwelewa kwa muda mrefu. Makosa ya programu yake aliyaanika mbele ya kila mtu, lakini ukimwambia kwamba tai yake imepinda, mnaweza kukosana siku nzima. Ukimwambia timu ya kwao imefungwa, atakueleza mpaka jioni kwamba haikufungwa. Mwenye kumletea kosa la kompyuta, huyo alimheshimu kuliko mgeni wa harusi. Wauguzi wa vijijini walimpigia kwa foni, ile redio ya kuitana, na yeye aliwasikiliza amesimama wima, mikono nyuma. Muuguzi wa Oicha alikuwa mkali, hakuwa na subira naye.

"Mwalimu, masini yako ni ya bongo, inadanganya! Inaniambia niko na sindano, na mimi sina hata moja!"

"Asante, mama. Sema polepole. Ulibonyeza nini mbele, nini kisha?"

Na katika ripoti aliandika kwamba mama yule ndiye aliyegundua. Alisema ni haki yake, mtu anayekuonyesha shimo barabarani hupewa shukrani hata kama amekuonyesha kwa matusi.

Barabara ya Butembo kwenda Beni ilikuwa na vizuizi wakati ule, na kila kizuizi kilikuwa na wenyewe. Safari moja nilikuwa naye katika pikapu ya dawa. Alikuwa amepakata kasha la disketi kama mtu aliyebeba mayai. Mwanajeshi mmoja akamwamuru alifungue.

"Oyo nini?"

"Ni makosa yangu, chef."

"Makosa yako? Yote?"

"Yote yenye najua."

Mwanajeshi alicheka mpaka akaita wenzake. "Kuyeni muone! Iko mutu anatembeza makosa yake mu sanduku!" Walicheka wote, wakalipitisha kasha mkono kwa mkono, na mimi niliziogopea disketi, kwa vidole vyao vyenye mafuta na moto wa sigara zao. Mmoja tu, mwenye mvi, hakucheka. Alilirudisha kasha mikononi mwa Mwalimu na kulifunga mwenyewe.

"Pita, papa," alisema. "Siye ya kwetu, hatuna sanduku yenye inaweza kuibeba."

Mpaka Beni Mwalimu alilipakata kasha, mkono juu ya kifuniko.

Nikimweleza hivi, watu hunisikia kana kwamba ninamsifu mtakatifu. Hakuanza hivyo. Ninajua namna alivyoanza, kwa kuwa nilikuwemo.

Mwanzoni mwongozo wake ulikuwa safi kabisa, haukuwa na kamba hata moja. Alikuwa ameuandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha kanisa, na daktari mkuu aliusoma kwa sauti mbele yetu kama mtu anayesoma zaburi. Wakati huo mimi niliwekwa Beni, kwenye ghala, kuingiza hesabu za vituo ndani ya kompyuta. Nilikuwa msichana wa shemasi wa Butembo, kazi yangu ya kwanza, na mwongozo ule niliufuata kama amri za Mungu.

Muuguzi wa Mutwanga alikuwa amekwisha kumwambia Mwalimu, kwa foni, kwamba kuna kosa. Ukiingiza hesabu ya kituo kimoja mara mbili, programu haifuti ile ya kwanza, inajumlisha zote mbili. Mwalimu aliandika ripoti, akaiweka mahali pake. Lakini katika mwongozo, kwenye ukurasa ule wa kuingiza hesabu, hakutia kitu. Ukurasa uliendelea kusema: ukiwa na shaka, ingiza tena.

Mwezi ule vita vilisogea mpaka vilima vya Mutwanga. Foni ilikuwa inakwaruza tu. Hesabu yao ilinifikia vipandevipande, nikawa na shaka, nikaingiza tena. Programu ikaniambia Mutwanga wana kwinini ya kutosha. Kwa hiyo kwinini niliipeleka Oicha, na pikapu ya Mutwanga ikapanda na sabuni, mabandeji na chumvi za kutibu kuharisha. Siku iliyofuata barabara ikafungwa nyuma yake. Kule juu kulikuwa na mtoto wa kike mwenye malaria kali. Barabara ilipofunguka alikuwa amekwisha kuzikwa.

Daktari mkuu aliniita Butembo. Tulikuwa watatu mle chumbani: yeye, Mwalimu, na mimi.

"Uliandika hesabu yao mara mbili?"

"Ndiyo, Docteur. Mwongozo unasema..."

"Usinitajie mwongozo. Mwalimu, mwongozo iko na kosa?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa.

"Mu mwongozo hamuna kosa, Docteur," alisema.

Na ilikuwa kweli, neno kwa neno. Hamkuwa na kosa mle, kwa sababu hakuwa ameliweka. Daktari alifikiri amesikia kitu kingine, nami pia. Nilirudishwa nyumbani siku ileile.

Sijui kama kuna aibu kama ile ya mji mdogo wenye makanisa mengi. Jumapili, kwenye benchi la akina mama, niliketi na benchi likawa pana. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu wote, kwa upole mwingi, kama mnavyomsalimu mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Mama yangu alinituma Musienene kununua maharagwe ili niwe mbali na macho, na kule nako mwenye kuuza, mkono wake ukiwa bado ndani ya gunia, akauliza kama ndiye mimi: "Njo weye ule wa dawa?" Nilirudi bila maharagwe. Baba, ambaye kila jioni alituongoza kwa sala, aliacha kuniita nisome Biblia. Hakusema kwa nini. Usiku na mchana nilimwona mtoto ambaye sijawahi kumwona, na alikuwa na uso wangu.

Mwalimu alikuja mvua ikinyesha, asubuhi, kwa miguu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona na matope. Hakukubali kuketi. Alimwomba baba awaite na majirani wawili, wazee wa kanisa, na walipofika akasimama katikati ya sebule huku maji yakimtiririka.

"Huyu mutoto wenu hakukosa kitu," alisema. "Programu njo ilikosa, na programu ni yangu."

Baba alisogea karibu naye. "Ulijua ile kosa mbele?"

"Nilijua."

"Mbele mutoto afe?"

"Mbele."

"Na juu ya nini haukuandika mu kitabu yako?"

Alifuta maji usoni. "Nilisema nitengeneze kwanza, kisha batu bajue. Nilikuwa na haya, papa. Mwongozo ilikuwa muzuri."

"Na mbele ya Docteur?"

"Nilinyamaza. Nilisema neno ya kweli ili ninyamaze."

Mama alikuwa ameshika birika la chai. Aliliweka chini, hakumwaga hata kikombe kimoja, akaingia jikoni. Kwetu hilo ni zito kuliko kofi. Mwalimu aliliona, akainamisha kichwa kama mtu aliyepokea alichokijia.

Kesho yake alirudia maneno yaleyale ofisini, baada ya sala, mbele ya wote, daktari akiwemo, na akaomba nirudishwe kazini. Nilirudi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua ukurasa ule wa kuingiza hesabu, kufuta maneno "ukiwa na shaka, ingiza tena", na kutia alama pale. Alinisogezea kiti.

"Bonyeza, dada."

Nilibonyeza. Ripoti ikafunguka, na chini yake alikuwa ameongeza kwamba kosa hili lilificha upungufu wa kwinini Mutwanga, na mtoto akafa, na kwamba mwandishi wa mwongozo alilijua. Hiyo ndiyo kamba ya kwanza. Zilizofuata zote zilizaliwa kutoka hapo.

Watu huniuliza kama nilimsamehe. Siku ile hapana, na hata mwaka ule hapana. Nilifanya kazi kando yake, nikamwona akivuta kamba kila Ijumaa, na siku nyingine nilifurahi alipokanyaga mwiba. Alijua. Hakuniomba tena msamaha, labda aliona kuomba mara ya pili ni kudai. Alinifundisha tu. Alinifundisha kuandika ripoti isiyo na "labda", kusoma lugha ya mashine, kutafuta faili lililopotea kwa kuanza na siku lilipoonekana mara ya mwisho. Siku nilipogundua kosa langu la kwanza mwenyewe, katika hesabu ya chanjo, alisimama wima, mikono nyuma, kama alivyomsimamia muuguzi wa Oicha, na mimi nilikuwa mbele yake pale pale, si kwenye foni. Nilicheka. Naye alicheka. Sijui msamaha unaanzia wapi, lakini ningeulizwa ningeonyesha hapo.

Vita vilipoanza kupungua, wafadhili wakatangaza kuja. Daktari mkuu alipita katika mwongozo jioni moja, akarudi kwetu na uso mgumu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vituo vya kulisha na nyumba za wauguzi zisizo na mabati.

"Mwalimu, wageni batafungua hii mu masini, bataona nini? Kosa, kosa, kosa, mutoto alikufa. Banatupa dawa juu ya kazi muzuri. Toa hizi kamba. Kisha baende, utarudisha."

"Siwezi, Docteur."

"Ni siku mbili!"

"Docteur, miye nilishaacha moja nje. Ni moja tu niliacha."

Daktari alizima kioo cha kompyuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kanisa halina haja ya mtu anayelivua nguo mbele ya wageni. Mwalimu alivaa koti lake. Aliniomba nimfungie kasha la disketi na kuliweka kabatini, akashika mkono wa kila mtu, wa daktari pia, akatoka, asirudi tena kazini. Kwa wageni ilitengenezwa nakala nyingine, safi. Ile yenyewe ilibaki kwenye mashine yetu ya kila siku, na tangu Ijumaa ile mimi ndiye niliyevuta kamba. Daktari aliniona nikifanya hivyo, akapita kwenda zake.

Miaka ilipita. Nchi iliunganishwa, kama walivyosema kwenye redio, ingawa sisi wa huku tuliendelea kulala tukiwa na viatu karibu. Nilitumwa Mutwanga kufunga kompyuta katika kituo cha afya. Nilipanda kwa pikipiki, na ukungu ulikuwa umefunika Ruwenzori yote isipokuwa miguu yake. Muuguzi aliyenipokea akaniambia kwamba kwenye shule ya sekondari kuna mwalimu mpya wa hesabu, mtu wa kuja, anayenijua.

Alikuwa amezeeka. Viatu vilikuwa vya mpira. Aliniambia serikali ilikumbuka jina lake, ikamuuliza anataka kupelekwa shule gani, na yeye akaitaja hii.

"Juu ya ule mama wa mutoto?" nilimuuliza.

"Juu yake. Muhula huu nimeenda kwake tayari mara tatu. Ananiacha niseme, kisha anaingia mu nyumba."

Alinitazama, hakuniomba. Nilimwambia tutaenda pamoja. Sikutaka kwenda. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejua kwamba sikukosa kitu, na miguu yangu haikuwa imeamini.

Mama yule alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza kakao iliyoanikwa juu ya turubai. Hakuwa mzee hata kidogo. Hilo lilinishtua, nilikuwa nimemfanya mzee kichwani mwangu. Mwalimu alimsalimu kwa Kinande, lugha ya huku, mama akaitikia bila kuinuka.

"Mama, huyu dada alikuwa Beni, kwa dawa. Yeye hakukosa. Miye njo nilikosa. Kulikuwa kosa mu masini, nilijua, sikuandika fasi yenye..."

"Masini," mama alisema.

Mwalimu alisimama wima, mikono nyuma.

"Kila mara unakuya na masini. Masini ilifanya hivi, kitabu ilifanya hivi. Miye sikuzaa masini." Aliendelea kugeuza kakao kwa kiganja. "Majirani banasema 'ule mutoto wa vita'. Docteur alituma mutu, akasema 'mutoto wa Mutwanga'. Na weye, mutu wa masomo, unakuya, unakuya, unalia hapa kwangu. Umeshaniuliza hata jina yake?"

Nilimwona Mwalimu akitafuta. Ripoti ile niliijua kwa moyo, kila neno lake. Nami nilitafuta, na hamkuwa na kitu. Ilinirudia ile aibu ya benchi la kanisa, lakini safari hii ilikuwa yangu kwa haki.

Mwalimu alichuchumaa kando ya turubai, magoti yake yakalia, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama.

"Sijauliza," alisema. "Mama, alikuwa anaitwa nani?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya kakao. Alimtazama kama mtu anayepima kama mlango ni wa kufungua. Kisha alilitaja. Lilikuwa jina refu la Kinande, la nyanya yake, alituambia, jina la mlimani ambalo siku hizi halipewi watoto wengi.

Mwalimu alilirudia, na ulimi wake wa Kasai ukalivunja katikati.

"Hapana vile," mama alisema. "Sikiliza tena."